Watoto wetu wanatudai nusu siku kando ya Mto Nairobi

Jumapili jioni, saiba za mitaa yetu hujaa wazazi. Mmoja anataka picha ya fuvu la binadamu wa kale, mwingine ya ndovu mwenye pembe ndefu, wa tatu ameshika karatasi yenye mwandiko wa mwalimu: mtoto abandike picha ya mto kwenye daftari lake. Kijana wa saiba anatafuta kwenye intaneti, anachagua mto uliotokea wa kwanza, mara nyingi mto wa Ulaya wenye maji ya samawati na daraja la mawe, anauchapisha kwa rangi. Mzazi analipa, mtoto anabandika, mwalimu anaweka tiki. Wiki inayofuata kazi ni nyingine, foleni ni ile ile.

Haya nayaona Ngara, nayaona Pangani, nayaona Kariobangi, mitaa ambayo Mto Nairobi au kijito chake kimoja kinapita umbali wa kutembea kwa miguu. Mifupa ya kale iko katika Makumbusho ya Kitaifa, Museum Hill. Ndovu wa pembe ndefu amesimama uani palepale. Na mto unapita chini ya mlima huo huo. Tunanunua karatasi za vitu ambavyo mtoto angeweza kuviona kwa macho yake asubuhi moja, tena vyote viko njia moja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kila familia ya Nairobi yenye mtoto wa shule inafaa ipange, angalau mara moja kila muhula, matembezi ya nusu siku: iingie Makumbusho ya Kitaifa, kisha iteremke mlima na kufuata Mto Nairobi kuelekea katikati ya jiji. Nasema ipange kwa sababu Jumamosi isiyopangwa huishia sebuleni mbele ya runinga, au kwenye jumba la maduka ambako mtoto hutazama bei za vitu tusivyoweza kununua. Na faida ya matembezi haya haiishii kwa mtoto. Mto usiotazamwa na watu hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huharibiwa na kila mpitaji.

Tumeupa mto kisogo

Panda matatu yoyote inayoingia mjini kwa njia ya mzunguko wa Globe. Ikikaribia mto, mikono huinuka na madirisha kufungwa, moja baada ya jingine, bila mtu kusema neno. Mto ukishapitwa, madirisha hufunguliwa tena. Abiria hawana kosa, kwani harufu ni harufu. Lakini kuna kizazi kizima cha jiji hili kinachoujua mto wake kwa pua peke yake.

Majengo nayo yamefanya yale yale. Mengi yaliyo ukingoni yameuelekezea mto uchochoro wa nyuma, kule kunakotupwa taka na kunakomwagwa maji machafu. Ilhali jiji hili lipo hapa kwa ajili ya maji hayo. Kabla ya reli, Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo yao hapa. Reli kutoka Mombasa ilipofika mwezi Mei 1899, wahandisi walitaka mahali tambarare pa kuweka karakana na ghala kabla ya kuanza kupanda nyanda za juu, na walitaka maji karibu. Kufikia 1905, makao makuu ya utawala wa kikoloni yalikuwa yamehamishwa kutoka Mombasa kuja kwenye kambi hii ya reli. Waliosema mwacha asili ni mtumwa hawakuwa wakizungumzia mavazi na ngoma pekee. Jiji lililosahau kwa nini lilijengwa mahali fulani halitajua litunze nini.

Mto wenyewe hauzaliwi mchafu. Unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, unapita Chiromo na Museum Hill, unaingia Gikomba na Kamukunji, kisha unaelekea Dandora, ambako jaa kuu la taka la jiji limekuwa likipanda tangu 1975. Ukitoka hapo unaungana na Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, halafu Sabaki, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mfuko uliotupwa dirishani pale Globe una njia ya kufika baharini. Mvuvi wa Malindi ambaye hajawahi kukanyaga Nairobi anaishi na mabaki yetu.

Na huku kwetu je? Kuna mashamba ya mboga kandokando ya mto, huko chini ulikokwisha kupita viwanda, gereji na vyoo. Mama anayenunua sukuma wiki alfajiri ili aje kuuza mtaani hana namna ya kujua ilimwagiliwa maji gani. Mwaka 2024, mvua za masika zilipofurisha mito, watu zaidi ya 200 walifariki kote nchini. Hapa Nairobi, Mathare na Mukuru zilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi. Baada ya maji kupungua yakaja matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 za ukingo. Familia zilipoteza godoro, sare za shule, vyeti vya kuzaliwa, na mwishowe paa. Tukiuliza haya yalianza lini, jibu la kweli ni kwamba yalianza siku tulipoacha kutazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wanajengeshwa wale wasio na kitu.

Kwa nini tuanzie mlimani

Mtu anaweza kuuliza: kama hoja ni mto, makumbusho ya nini? Kwa sababu makumbusho humfundisha mtoto kutazama. Kitu kilichowekwa ndani ya kioo, chini ya taa, na maelezo pembeni, humwambia: simama hapa, hiki kina habari. Akishajifunza kusimama na kuuliza mbele ya jiwe au mfupa, atasimama na kuuliza mbele ya maji.

Jengo la Museum Hill lilifunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, gavana wa kikoloni. Baada ya uhuru likawa makumbusho ya taifa, na 2008 likafunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa. Ni letu. Hata hivyo wako watu wengi waliozaliwa Nairobi walioingia humo mara moja tu, kwa basi la shule, wakikimbizwa kutoka chumba hadi chumba na mwalimu aliyeogopa kupoteza mtoto. Ziara ya namna hiyo haimwachii mtu kitu. Ukienda na familia, chagua mambo matatu na uyape muda wake.

La kwanza ni Ahmed. Alikuwa ndovu wa Marsabit ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970, majangili wakiwa wameshika kasi, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya pekee ya kumlinda, akawekewa walinzi wa usiku na mchana mpaka alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Leo sanamu yake ya ukubwa kamili imesimama uani. Mwambie mtoto asimame chini ya pembe hizo, kisha umuulize: kwa nini taifa liliamua kumlinda mnyama mmoja? Nani mwingine au nini kingine kingefaa ulinzi kama huo? Usimpe jibu. Acha maswali hayo yatembee naye mpaka mtoni.

La pili ni michoro ya Joy Adamson. Kati ya miaka ya 1940 na 1950 alizunguka nchi hii akiwachora wazee, wasichana, mashujaa na waganga wa jamii nyingi wakiwa na mapambo yao. Mpeleke bibi ikiwa bado ana nguvu za kutembea. Msimamishe mbele ya picha ya watu wa kwao, halafu nyamaza. Atataja jina la ule ushanga, atasema nani aliruhusiwa kuuvaa na nani alikatazwa, atakumbuka aliyekuwa nao kijijini. Katika dakika hizo mjukuu atasikia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule.

La tatu, na ndilo kubwa, ni Mvulana wa Turkana. Ni kiunzi cha mtoto aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, na ni nadra sana kupatikana mifupa mingi hivyo ya mtu mmoja wa kale namna ile. Aliyeuona mfupa wa kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkenya wa Ukambani aliyeanza kama kibarua wa kuchimba na kuwa mmoja wa watafutaji hodari wa visukuku duniani. Ilikuwa Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Inasimuliwa kwamba ilikuwa siku ya mapumziko, wenzake wako kambini, yeye akaamua kunyoosha miguu kando ya mto mkavu. Chini, kati ya vijiwe vyeusi, akaona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu, chenye rangi inayofanana sana na vile vijiwe. Wengine wangekikanyaga. Yeye aliinama.

Natamani kila mtoto wa Nairobi aijue habari hiyo kwa moyo. Mtu asiye na shahada, siku isiyo ya kazi, kando ya mto usio na maji, aliubadilisha ujuzi wa dunia kuhusu asili ya binadamu kwa sababu alikuwa na desturi ya kutembea akitazama. Tembea uone, walisema wazee. Kimeu alitembea, akaona.

Mpango wenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari, na Jumamosi pia hupotea hivyo hivyo. Kwa hiyo tupange.

Chagua Jumamosi iliyo mbali na mishahara kuisha na mbali na mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukingo wa mto si mahali pa kupeleka watoto, na vuli nayo huja ghafla. Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba ni miezi mizuri. Ikiwa usiku wa kuamkia siku hiyo kumenyesha sana, ahirisha bila kujilaumu, kwa maana mto huu hujaa haraka.

Beba kitambulisho, kwani raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na mtoto hulipa kidogo zaidi. Malipo siku hizi hupitia eCitizen, basi yamalize nyumbani usiku uliotangulia ili usisimame langoni ukitafuta mtandao huku watoto wakichoka kabla ya kuanza. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kwa sababu kando ya mto kuna vigae na misumari. Bebeni maji, chai ya chupa na chapati za nyumbani. Chakula ndicho humaliza bajeti ya matembezi, na mkate uliopakwa siagi nyumbani hushinda sahani ya chipsi ya mjini kwa bei na kwa shibe.

Fika makumbusho mapema, saa tatu asubuhi ikiwezekana, kabla ya mabasi ya shule. Toa saa mbili kwa yale mambo matatu. Zikibaki nguvu, kuna bustani ya nyoka, ambayo imekuwapo tangu 1961 na ambayo hakuna mtoto atakayekubali kuipita. Kuleni bustanini, pumzikeni, kisha teremkeni kabla ya saa sita.

Njia ni fupi. Kutoka lango la makumbusho unashuka Museum Hill, unapita chini ya nguzo za Expressway iliyofunguliwa 2022, unavuka kwa uangalifu kwa sababu madereva wa hapo hawana subira, na unaingia Michuki Park, bustani inayofuata mto mpaka karibu na Globe. Mkimaliza hapo, endeleeni mjini mpaka Jeevanjee Gardens, uwanja ambao mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliutoa kwa wakazi wa mji mwaka 1906. Ketini chini ya mti, mle yaliyobaki, kisha tafuteni matatu ya nyumbani. Saa tisa mko mlangoni kwenu. Baba anayekwenda kazini zamu ya usiku bado ana muda wa kulala.

Mbele ya maji

Michuki Park ina somo lake, na mzazi afaa alijue kabla ya kuingia. Wengi wetu tunamkumbuka marehemu John Michuki kwa sheria za matatu za 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni. Kuanzia 2008, akiwa waziri wa Mazingira, alielekeza ukali ule ule kwenye Mto Nairobi. Taka zikazolewa, kingo zikasafishwa, miti ikapandwa, watu wakaanza kusema kumbe inawezekana. Alifariki Februari 2012 na bustani ikabeba jina lake. Kisha ikawaje? Gereji zikarudi, mafuta machafu yakamwagwa, uwanja ukawa wa magari mabovu. Ilibidi 2020 bustani ifufuliwe upya, karibu kutoka mwanzo.

Tujiulize kwa uzito: kwa nini kazi ya miaka ilifutika mara tu mtu mmoja alipoondoka? Kwa sababu mto ulikuwa umempata mlinzi, lakini haukuwa umepata watu. Hakukuwa na familia zilizozoea kukaa pale Jumamosi, ambazo zingekuta gari la kwanza bovu limeegeshwa kwenye nyasi na kupiga kelele. Waziri hubadilika, bajeti hukatwa, kamati huvunjwa. Mazoea ya watu hudumu.

Mkishaingia, msipite mbio. Tafuteni mahali salama ukingoni, mkae kimya dakika kumi. Tazameni. Chupa ya plastiki imekwama nyuma ya jiwe na inazunguka hapohapo, haiendi mbele wala hairudi. Povu jeupe limejikusanya kwenye kona isiyo na mkondo. Kwarara anatembea kwenye tope la ng'ambo akidunga na kudunga kwa mdomo wake mrefu, anapata kitu, anameza. Mtoto atauliza: ndege anakula nini humu? Swali hilo peke yake linalipa nauli ya siku nzima. Muulize naye: povu linatoka wapi? Maji haya asubuhi yalikuwa wapi? Yatalala wapi leo? Mpe daftari lile lile la shule achore mto huu, na rangi yake hii hii, na chupa yake hii hii. Kisha apeleke kwa mwalimu.

Mwalimu naye nina ombi kwake. Mtaala wa umilisi ulikuja ukiahidi kumtoa mtoto kwenye kukariri na kumpeleka kwenye kutenda. Umeishia mara nyingi kuwa gharama ya saiba kwa mzazi. Mtoto akileta mchoro uliopinda wa mto aliouona, mpe alama zaidi ya aliyeleta picha inayong'aa ya mto asioujua. Fanya hivyo mara moja mbele ya darasa, na wazazi wataelewa.

Pesa hakuna, na usalama je?

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni pesa. Ni kweli hali ni ngumu, na siwezi kumwambia mzazi mwenye deni la kodi ya nyumba kwamba nauli ya watu watano ni kitu kidogo. Lakini nyingi ya nyumba ambazo husema hakuna pesa ya makumbusho hupata pesa ya soda na chipsi mwisho wa mwezi, na ya watoto kuruka kwenye majumba ya kupulizwa upepo. Sisemi waache raha hiyo. Nasema katika miezi mitatu ya muhula, mara moja raha hiyo iwe ya namna nyingine. Anayeweka shilingi chache kila wiki tangu muhula unapofunguliwa atafika siku hiyo bila kuvunja bajeti ya unga. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili ni usalama, na hili silipuuzi. Kuna sehemu za mto huu ambazo mtu mgeni hafai kuzipita peke yake. Ndiyo maana nimetaja kipande cha Museum Hill hadi Globe, mchana, katika kundi. Nendeni familia mbili au tatu, za ploti moja au za jumuiya moja ya kanisa au msikiti. Simu iwe mfukoni, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma.

Zaidi ya hayo, tunao ushahidi hapa nyumbani kwamba hofu huondolewa na watu. Miaka ya 1990, kutaja msitu wa Karura kulitosha kumtia mtu baridi. Ulikuwa ukihesabiwa kuwa maficho ya wahalifu, na wakubwa walikuwa wakijigawia vipande vyake. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti huko. Baadaye jamii zinazouzunguka ziliungana na wahifadhi, uzio ukajengwa, walinzi wakawekwa, na kuanzia 2011 malango yakafunguliwa kwa umma. Leo wikendi huwezi kuhesabu wanaokimbia, wanaoendesha baiskeli, wanaosukuma watoto. Je, wahalifu walihubiriwa wakatubu? La. Walikosa mahali pasipo na mashahidi.

Hata mtoni kwenyewe mfano upo. Vijana wa Korogocho, chini ya kundi la Komb Green Solutions, walichukua ukingo uliokuwa jaa wakaufanya bustani ya umma, watoto wakapata pa kucheza. Hawakungoja wapewe mto uliokwisha kusafishwa. Kama Korogocho imeweza, familia ya Parklands au Buruburu ina kisingizio gani?

Walio ofisini nao

Wajibu wa raia haufuti wajibu wa serikali. Tume ya Mito ya Nairobi iliundwa 2022. Mwaka 2024 vijana waliajiriwa kusafisha kingo chini ya mpango wa ClimateWorx Mtaani, na mwaka uliofuata ukazinduliwa mradi mkubwa wa kufufua mto. Nawaunga mkono kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo nawadai.

Nadai njia ya miguu isiyokatika, kutoka Museum Hill mpaka Gikomba na kuendelea, ambayo mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo wanaweza kuipita. Kipande kizuri cha bustani kinachoishia kwenye ukuta wa karakana humfundisha mtu kurudi alikotoka. Nadai vyoo safi, kwa maana familia hufuata choo kabla ya kufuata mandhari. Nadai taa, mabenchi na walinzi wanaozunguka. Nadai mabango ya Kiswahili yanayoeleza mto unatoka wapi, unakwenda wapi, na nani wa kupigiwa simu mtu akiona bomba linamwaga uchafu. Makumbusho nayo itenge angalau Jumamosi moja kwa muhula ambapo watoto wa shule za umma wataingia na wazazi wao bila malipo. Jengo ni la taifa, na mwenye nyumba hapaswi kushindwa kuingia kwake.

Nadai pia haki kwa waliohamishwa kingoni. Haiwezekani familia iondolewe Mathare kwa jina la usalama, halafu pale pale pajengwe mikahawa ambayo familia hiyo haiwezi kununua hata maji. Mto uliosafishwa kwa ajili ya wenye pesa utakuwa umebadilisha wezi tu. Profesa Maathai aliposimama 1989 kupinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, alikuwa anatetea nyasi za mtu asiye na bustani nyumbani kwake. Jeevanjee Gardens nayo ilinusurika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu watu walikataa ijengwe. Viwanja hivi viwili vipo leo kwa sababu vilikuwa na watumiaji waliovijua na kuvipenda. Mtu hatetei asichokijua.

Hapo ndipo nusu siku yetu inapogeuka kuwa siasa, ile siasa njema isiyohitaji jukwaa. Mtoto aliyekaa ukingoni akichora povu, aliyesikia habari za Ahmed na za Kamoya Kimeu, atakuwa mpiga kura baada ya miaka michache. Akija mgombea na ahadi ya kusafisha mto, atamuuliza kipande gani, kwa njia gani, na bomba la pale karibu na Globe litazibwa lini. Wagombea hawajazoea kuulizwa hivyo. Wakiulizwa na mmoja watacheka. Wakiulizwa na mtaa mzima, watatafuta jibu.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, fungua kalenda ya muhula huu kabla haijajaa harusi, matanga na michango. Chagua Jumamosi moja, iandike, umwambie jirani na umwambie mtoto, kwa sababu ahadi iliyosikiwa na mtoto ni ngumu kuivunja. Anza kuweka nauli pembeni wiki hii. Mkirudi, mpigie diwani wako simu, umweleze mlichokiona na mnachotaka kifanywe. Kisha muhula ujao mwende tena, mkaangalie kama amesikia.